Bustani ya Maua ya Mwitu Malindi: Kuipanda na Kuitunza kwa Kufuata Misimu

Mwenye kutaka bustani ya maua ya asili ya pwani hana budi kwanza kuyajua yale ambayo si ya asili, kwa sababu ndiyo yaliyojaa nyuani mwetu. Bogenvilia inayofunika kuta za Malindi na Lamu ilitoka Amerika ya Kusini. Asumini, ambayo mabibi zetu waliifanya kuwa yao kabisa, asili yake ni Asia ya Kusini. Lile ua dogo la waridi au jeupe linalojiotea kando ya njia mchangani, ambalo watu wengi huapa kuwa ni la hapa hapa, lilitoka Madagaska, na mwarobaini tulioupa jina la kujivunia ni mti wa upande wa Bara Hindi. Sisemi yote ing'olewe. Nasema tu kwamba anayepanda hiyo hapandi bustani ya mwitu wa pwani, hata kama anaimwagilia maji ya kisima cha Malindi.

Kuna ua moja la msituni ambalo watu wa mwambao walilileta uani zamani sana, nalo ni kilua. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na maua yake yenye harufu inayokaa katika nguo na nywele yamevaliwa na wanawake wa Kiswahili kizazi baada ya kizazi. Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea, alipoupa mti huu jenasi yake wenyewe mwaka 1970, aliiita jenasi hiyo kwa jina alilolikuta midomoni mwa wenyeji, na hadi leo jina la kitaalamu la mti huo ni Mkilua fragrans. Kwa hiyo kupanda mmea wa mwituni nyumbani si jambo la kigeni kwetu. Tuliishia tu kwenye mmea mmoja, tukaiacha mingine nje.

Udongo na upepo

Kabla ya kutafuta mbegu yoyote, zunguka kiwanja chako kwa siku kadhaa ukiangalia. Malindi ina udongo wa namna tatu hivi. Karibu na bahari kuna mchanga mweupe uliochanganyika na vipande vya kombe na matumbawe. Ukiingia ndani kidogo, jiwe la tumbawe liko juu juu na udongo uliolifunika huwa mwembamba kiasi kwamba jembe hulia ukilipiga chini. Ukielekea Magarini unakuta ardhi nyekundu ya kichanga. Kujua kama udongo wako una chokaa nyingi, chukua kiasi cha kiganja kimoja, kikaushe, kisha ukamulie ndimu au umwagie siki: ukitoa povu na kuchemka, una chokaa. Udongo wa namna hiyo huizuia mizizi kupata madini ya chuma, na ndiyo sababu mimea mingi ya kununua hugeuka majani ya manjano yenye mishipa ya kijani hata ukiilisha samadi kila mwezi. Mimea ya mwambao imezoea chokaa hiyo, na hiyo ndiyo faida yako ya kwanza, usiitupe kwa kujaribu kuubadilisha udongo.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua lori zima la udongo mwekundu nikautandaza juu ya mchanga, nikidhani ninafanya hisani. Ulikuja na mbegu za magugu ambayo sikuwahi kuyaona uani kwangu, na nilichukua misimu miwili kuyang'oa magugu niliyoyalipia kwa pesa zangu mwenyewe. Mahali penye mchanga, panda mimea ya mchanga. Mahali penye tumbawe, tafuta zile nyufa na mashimo yaliyojaa udongo, na uipande mimea humo bila kulivunja jiwe.

Upepo nao una sheria zake. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, na kwa nyumba zilizo karibu na ufuo huja na chumvi ambayo huunguza majani upande mmoja. Kaskazi ya Desemba hadi Machi huja na ukavu. Tazama miti ya jirani: upande ulioungua ndio unaopigwa na chumvi, na hapo hutapanda chochote laini mpaka kwanza uwe na kinga. Kinga nzuri ni mimea yenyewe, iliyopangwa kwa safu, ile inayostahimili ikitangulia mbele.

Mimea, na mahali pa kila mmoja

Mstari wa mbele kabisa, ule unaoikabili bahari, ni wa mlakasa. Huu ni mtambaa wa ufuoni wenye jani lililogawanyika mithili ya kwato ya mbuzi na ua la zambarau linalofunguka asubuhi na kusinyaa jua linapokuwa kali. Hutoa mizizi katika kila fundo linalogusa mchanga, na ndiyo maana huushika mchanga usipeperuke. Nyuma yake weka vichaka vya Skevola, ambavyo pwani yetu ina spishi mbili: moja huzaa matunda meupe na nyingine matunda meusi yenye wekundu. Ua la Skevola huonekana kama limechanwa nusu na mtoto mtukutu, na wageni wangu wote hudhani lina ugonjwa.

Mahali penye jua kali na pasipotuamisha maji ni pa waridi la jangwani, yaani Adenium obesum, lenye shina lililovimba na maua ya waridi yanayotoka wakati wa kiangazi, pengine mmea ukiwa hauna jani hata moja. Utomvu wake ni sumu iliyotumiwa kwenye mishale, kwa hiyo uukate kwa glavu na usiupande njiani pa watoto. Jirani yake mwema ni mshubiri wa asili. Usichukue ule wa dukani wa kupaka usoni. Tafuta spishi za hapa, kama Aloe kilifiensis, iliyopewa jina la Kilifi, ambayo ina majani yenye madoa na maua mekundu yaliyoinama. Ndege aina ya chozi huyajua maua ya mishubiri kuliko tunavyoyajua sisi.

Katikati ya bustani, mahali ambapo jicho huangukia, mimi hupanda mimea ya msimu mmoja au miwili. Ya kwanza ni marejea, yenye maua ya manjano na maganda ambayo yakikauka, mbegu hulia ndani kama kayamba. Mizizi ya marejea huongeza naitrojeni ardhini, na mmea ulionyauka huvuta madume ya vipepeo wa rangi ya machungwa wanaokuja kuufyonza. Mbegu za spishi nyingi za marejea ni sumu kwa mifugo, basi mwenye mbuzi aipande ndani ya ua. Ya pili ni tikini, ambayo Wagiriama huiita talakushe, mboga ambayo imepikwa kwa nazi katika nyumba nyingi bila mtu kuyatazama maua yake yenye umbo la kengele, meupe au ya zambarau. Viwavi wa vipepeo kadhaa hula majani yake. Ya tatu ni mchunga, mboga chungu yenye ua la manjano. Mizizi ya mchunga hutambaa chini kwa chini, kwa hiyo uupe pembe yake na usiuchanganye na mimea dhaifu.

Kwenye kivuli kidogo, kwa mfano upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu, panda Hibiscus schizopetalus. Huu ni mmea wa pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji ambao umesambaa duniani kote katika bustani za watu, ilhali sisi tunaununua tukidhani ni wa kigeni. Ua lake huning'inia kwa kikonyo kirefu na petali zake zimechanika kama matamvua ya shuka. Kivulini zaidi, chini ya mwembe au mkwaju, ndiko kwa mkilua, kwa sababu kwao ni chini ya miti mirefu ya msitu, na huko huko hukaa kitunguu mwitu kiitwacho Scadoxus, kinachotoa mpira mwekundu wa maua mvua za kwanza zinapogusa ardhi. Kiazi chake ni sumu pia.

Nimeiacha mwisho Gloriosa superba, mtambaa wenye petali nyekundu na manjano zilizokunjamana na kuelekea juu kama ndimi za moto. Hupanda kwa kutumia ncha za majani yake, ambazo hujizungusha kwenye kijiti chochote. Ni ua zuri kuliko yote niliyoyataja, na ni hatari kuliko yote: sehemu zake zote zina sumu ya kolchisini, na kiazi chake kimewahi kuliwa na watu waliodhani ni kiazi kikuu. Nyumba yenye watoto wadogo isiwe nalo. Sisemi hili kwa tahadhari ya kawaida ya kuandika, nasema lisipandwe.

Kupata mbegu bila kuiba

Usiende msituni na jembe. Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi ulio kati ya Malindi na Kilifi, ni hifadhi, na kutoa mmea humo bila kibali ni kosa. Makaya ya Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, yana miiko yao ambayo ni mikali kuliko sheria ya serikali, na wazee huko hawaruhusu hata ukuni mkavu kuondolewa ovyo ovyo. Okidi na mishubiri ya mwitu ziko chini ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe kuvuka mipaka. Zaidi ya sheria, kuna jambo la kawaida tu: mmea mkubwa uliong'olewa mwituni kwa kawaida hufa, kwa sababu mizizi iliyoulisha imebaki huko ulikotoka.

Njia iliyo safi ni mbegu na vipandikizi. Ziko vitalu vya vikundi vya wanakijiji kandokando ya msitu, ambako miche ya asili huoteshwa kwa ajili ya kuuzwa. Mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993, ambao wakulima wake hufuga vipepeo vya msitu na kuviuza vikiwa pupa, kabla havijatoa mabawa, umewafanya watu wengi wa vijiji hivyo waijue mimea inayoliwa na viwavi kwa majina na kwa majani, na mtu wa namna hiyo akikuonyesha mche, msikilize. Njia nyingine ni viwanja vinavyokaribia kujengwa. Malindi haiishi kujenga, na kila kiwanja kinachosafishwa huwa na tikini, marejea na mishubiri inayongoja tingatinga. Mwombe mwenye kiwanja ruhusa, kisha uokoe kila utakachoweza kabla ya siku ya kusafishwa. Mahali pengine popote ambapo mimea itaendelea kuishi, chukua sehemu ndogo tu ya mbegu unazoziona, moja katika kumi, na uziache nyingine kwa ndege na kwa ardhi ile.

Mbegu za waridi la jangwani zina manyoya na hupeperuka ganda likipasuka, basi lifunge ganda kwa uzi au kwa kipande cha chandarua lingali zima. Maganda ya marejea yachumwe yakianza kulia. Mbegu za mlakasa huokotwa ufuoni, kwa kuwa huelea na bahari ndiyo inayozisambaza, lakini chagua zilizo nzito na ngumu. Zianike zote kivulini, si juani, kwa muda wa wiki moja juu ya ungo.

Kupanda kwa kuitangulia masika

Masika huanza mwisho wa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Maandalizi yote yawe yamekwisha kabla ya katikati ya Machi, ardhi ingali kavu na vumbi. Ng'oa majani yaliyopo, kisha uparuze uso wa udongo kwa reki kwa kina cha vidole viwili tu. Usilime kwa kina, maana kila ukigeuza udongo unaziamsha mbegu za magugu zilizolala chini. Usitie samadi. Hapa watu hubishana nami, lakini maua haya yamezoea umaskini wa ardhi, na ukiyashibisha yatatoa majani mengi yenye afya na maua machache ya kukusikitisha, huku nyasi ndizo zitakazonufaika.

Mbegu ngumu haziwezi kuota mpaka zikwaruzwe. Mlakasa ni mfano mzuri: sugua kila mbegu kwenye karatasi ya msasa, au kwenye jiwe la tumbawe, mpaka uone rangi nyeupe ya ndani mahali pamoja, kisha uziloweke usiku kucha katika maji ya vuguvugu. Zitakazovimba ziko tayari, na zilizobaki vile vile uzisugue tena. Mbegu za marejea nazo huota kwa usawa zaidi zikilowekwa usiku mmoja. Mbegu ndogo sana, kama za mchunga, zichanganye na mchanga mkavu, kikombe kimoja cha mbegu kwa vikombe kumi vya mchanga, ili mkono uzitawanye sawasawa. Gawa mchanganyiko huo mara mbili: nusu utawanye ukienda na nusu ukirudi kwa kukata njia ya kwanza. Kisha kanyaga kwa miguu mitupu, au kokota ubao juu yake, ili mbegu zigusane na udongo. Kanuni ya kina ni kuifunika mbegu kwa udongo usiozidi unene wake mara mbili. Zile ndogo kama vumbi hazifunikwi kabisa.

Ukitawanya mapema mno, kuku na sisimizi watazila. Ukingoja mpaka mvua ikolee, maji yatazisomba zikajikusanye mtaroni. Mimi hungoja mawingu yaanze kujikusanya upande wa bahari na joto la usiku liwe halivumiliki, kisha hupanda siku hiyo hiyo, na bado hubahatisha. Weka theluthi moja ya mbegu zako kando, ili mvua ya kwanza ikikudanganya uwe na akiba ya kurudia.

Mimea ya miti na vichaka huanzia kitaluni. Waridi la jangwani la mbegu huvimba shina vizuri kuliko la kipandikizi, kwa hiyo uwe na subira nalo. Lioteshe katika mchanganyiko wa sehemu tatu za mchanga na moja ya mboji. Hibiscus hushika kwa vijiti vya sentimita 15 hadi 20 vilivyokatwa chini kidogo ya fundo, vikakaa kivulini chini ya kipaa cha makuti mpaka vitoe majani mapya. Kiazi cha Gloriosa, kama umeamua kuwa nacho, hulazwa ubavu kwa kina cha sentimita 5 hadi 8, na ncha yake isivunjike, kwa maana chipukizi hutokea hapo tu. Miche yote ihamishiwe bustanini mvua ikiwa imekwisha kutulia, jioni au siku ya mawingu.

Palizi

Bustani nyingi za mwitu hufia katika palizi ya kwanza, nazo huuawa na mwenyewe. Wiki tatu baada ya mvua, ardhi yote huwa kijani, na kila mche una majani mawili yanayofanana na ya mwenziwe. Mwenye jembe akiingia hapo hataacha kitu. Nilimwajiri kijana mmoja hodari siku moja nikaenda sokoni, na niliporudi alikuwa amelisafisha tuta zima likawa linang'aa kama sahani. Kosa lilikuwa langu, kwani sikumwonyesha lipi ni lipi, na mimi mwenyewe ningeulizwa nisingejua.

Dawa yake ni rahisi. Siku unapotawanya mbegu bustanini, panda pia mbegu chache za kila aina katika kopo lake, uandike jina kwenye kopo, uyapange makopo barazani na uyamwagilie. Kila mche utakaotoka bustanini utakuwa na ndugu yake barazani wa kulinganishwa naye. Usiushike mche wowote mpaka umeupata au umeukosa katika makopo. Baada ya misimu miwili utayajua majani yale kama unavyoyajua maandishi yako.

Palilia kwa mkono, ukiwa umekaa kwenye kigoda, asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Adui wa kwanza kwangu ni lantana, yenye ua zuri la rangi mbili linalowadanganya watu kuwa ni la asili. Ni mgeni kutoka Amerika, na ndege humeza matunda yake wakayapanda kila mahali. Wa pili ni miche ya mwarobaini, ambayo nayo hupandwa na ndege. Uking'olewa ukiwa na urefu wa kidole, hutoka kwa vidole viwili. Ukiachwa mwaka mmoja, unahitaji sururu. Gugu karoti ling'olewe kwa glavu kabla halijatoa maua, kwa kuwa huwasha ngozi za watu wengi. Kishona nguo utakijua kwa suruali yako. Mche wa mathenge, ule mti wa kigeni wenye miiba, usipewe nafasi hata siku moja. Halafu kuna ndago, ambayo ni ya asili kabisa katika bara letu na bado naifukuza, kwani kila kiazi chake kidogo kinachobaki ardhini hutoa mwingine. Kuwa mwenyeji hakumpi mtu haki ya kukalia nyumba nzima.

Majirani nao wataipalilia bustani yako kwa macho. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha langoni mwaka ule wa pili akaniuliza, "Mwanangu, kwani ulisafiri? Mbona ua umeota mwitu?" Nilimwamkia, nikamweleza, naye akatikisa kichwa kwa huruma. Tangu hapo nimejifunza kukata ukanda wa nusu mita kando ya njia na kando ya ukuta ukawa mfupi na mnyoofu. Ukanda huo humwonyesha mpita njia kwamba kilicho ndani kimekusudiwa. Pia huwaweka nyoka mbali na mlango, hasa usiporundika makuti na mawe ukutani.

Maji, na kiangazi

Mwagilia miche kila jioni kwa wiki mbili za mwanzo ikiwa mvua imekatika, kisha kila baada ya siku tatu, kisha mara moja kwa wiki, na ikifika Julai uache. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Mlakasa na Skevola hazitajali, lakini mkilua na Hibiscus zitaungua ncha za majani, basi uziwekee akiba ya maji ya mvua ya paa. Pipa la akiba lifunikwe, vinginevyo utafuga mbu. Kwa mkilua mchanga, chimbia mtungi wa udongo usiopakwa rangi karibu na shina, uujaze maji na uufunike. Maji hupenya polepole na mizizi huyafuata.

Waridi la jangwani lisipewe maji kabisa majani yakianza kudondoka. Wengi huliona likipukutika Julai na Agosti wakadhani lina kiu, wakalimwagilia mpaka shina likaoza kuanzia chini. Bonyeza shina kwa kidole gumba: likiwa gumu, liko salama. Likibonyea na kutoa maji, kata sehemu iliyooza mpaka ufikie nyama safi, ulianike kivulini wiki moja kidonda kikauke, kisha ulipande tena kwenye mchanga mkavu.

Januari hadi Machi bustani itakuwa ya rangi ya kahawia, na hakuna dawa ya hilo wala haihitajiwi. Gloriosa na kitunguu mwitu zitatoweka juu ya ardhi. Chomeka kijiti mahali pa kila kimoja usije ukavichimba kwa bahati mbaya. Tandaza majani makavu ya mwembe chini ya mkilua kwa unene wa kiganja, lakini usiifunike bustani nzima, kwa sababu nyuki wengi wa hapa hawakai mzingani, bali huchimba vishimo katika ardhi tupu yenye jua.

Kukata na kuhifadhi

Maua ya masika hukomaza mbegu zake Agosti na Septemba. Mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, kata mimea iliyokauka kwa muundu kwa kimo cha kiganja kutoka ardhini, kisha uiache ikilala hapo siku tatu nne ili mbegu zidondoke, ndipo uiondoe. Theluthi moja ya bustani isikatwe mwaka huo, kwa sababu vikonyo vikavu vimebeba mayai na pupa za wadudu. Mwaka unaofuata ukate hiyo na uache nyingine. Hibiscus ipogolewe wakati huo huo, robo moja tu ya urefu wake.

Wadudu usiwapulizie dawa. Viwavi wanaotafuna tikini ndio vipepeo uliokuwa ukiwangoja, na vidukari huoshwa kwa maji na kidole. Konokono wakubwa, ambao nao ni wenyeji wa pwani hii, huokotwa usiku kwa tochi wakapelekwa mbali. Mbuzi ndiye tatizo la kweli, na kwake hakuna ila ua imara.

Kwa wakaao mji wa kale wa Lamu, ambako nyumba haina ardhi ila kiwanda, yaani ua wa ndani, na sakafu ya juu, waridi la jangwani na mshubiri hukaa vizuri katika vyungu vyenye tundu chini, juani, na Hibiscus huridhika na debe kubwa kiwandani mradi jua la asubuhi lilifikie.

Mbegu ulizozivuna uzitie katika chupa kavu pamoja na kijiko cha jivu la kuni lililochekechwa, ambalo huwazuia fukusi, uifunge kwa nguvu na uiweke mahali pa giza penye ubaridi. Andika juu ya kila chupa jina la mmea, mahali ulipochuma na mwezi. Ongeza pia tarehe ya mvua ya kwanza ya masika ya mwaka huo, kwa sababu Machi nyingine ikifika, utakaposimama barazani ukiyatazama mawingu na chupa mkononi, hiyo ndiyo tarehe utakayoitafuta.